Mali Bila Daftari

Wazee wetu wametuachia methali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika miaka yangu ya ualimu niliiandika methali hii ubaoni karibu kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi waliniletea insha ileile ya mwenye duka aliyekopesha watu bila kuandika, hata siku moja akaamka akakuta duka tupu. Nilizisahihisha insha hizo, nikatia alama, nikaridhika. Haikunipitikia hata mara moja kwamba methali ile iliihusu pia pwani yetu ya Shangani, iliyokuwa mwendo mfupi tu kutoka darasani kwangu.

Nilikuja kuielewa vizuri nikiwa nimekwisha kustaafu. Asubuhi moja ya mwezi wa Januari kijana mmoja niliyemfundisha kusoma alikuja kunibishia hodi, darubini ikining'inia shingoni. Tulipokwisha kuamkiana aliniambia kwamba yeye na wenzake wanne wanakwenda ufukweni kuhesabu ndege, kazi wanayoifanya kwa kujitolea, bila posho. "Mwalimu," akasema, "macho tunayo, ila miandiko yetu unaijua mwenyewe. Twende ukatushikie daftari." Nilicheka, lakini nikaenda. Mstaafu hana udhuru mwingi.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, Shangani ni ile sehemu ya mji wa Mtwara iliyo kando ya bahari. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, bahari huondoka mbali ikaacha uwanja mpana wa mchanga, tope na majani ya bahari, na pembezoni mwake ipo mikoko. Wataalamu huita mahali kama hapa ardhioevu, neno ambalo limeenea zaidi tangu Tanzania ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Mkataba huo, uliotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971, haukuishia kwenye mabwawa na mito. Unahesabu hata bahari isiyozidi kina cha mita sita wakati maji yamekupwa. Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya maisha ya mji wetu imo ndani ya ardhioevu. Humo wanawake huokota chaza na kuchokoa pweza, humo watoto hucheza mpira, humo wavuvi huegesha mitumbwi yao.

Nilidhani kuhesabu ndege ni kutembea huku na huku ukinyoosha kidole. Vijana wale wakanifundisha vingine. Maji yakiwa yamekupwa ndege hutawanyika kila mahali kutafuta chakula, na ukiwahesabu hapo utawahesabu wengine mara mbili na wengine usiwaone kabisa. Kwa hiyo tulikaa chini ya mvinje tukingoja maji yajae. Bahari inapopanda huwasukuma ndege mbele yake, mpaka wanakusanyika kwenye vipande vichache vya mchanga vilivyobaki vikavu. Hapo mmoja huangalia na kutamka, mwingine huandika. Kundi likiwa kubwa, mwangaliaji huhesabu kumi wa kwanza, akaona wanachukua nafasi kiasi gani, kisha hupima kundi lote kwa makumi hayo, mfano wa mfanyabiashara anayepima nafaka kwa pishi.

Walichagua Januari kwa sababu katika mwezi huo wageni wetu wa msimu huwa wametulia. Sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, hutoka kaskazini ya mbali kabisa, na wengine katika vitwitwi wetu wadogo huzaliwa Siberia, penye barafu. Yupo pia ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene kama kisu cha seremala, ambaye chakula chake hasa ni kaa. Huyu hutaga mayai ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani, katika visiwa na fukwe za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, kisha hushuka kwetu kula. Niliposikia hivyo nilitabasamu. Njia yake ni ileile ya majahazi ya babu zetu waliofuata pepo za kaskazi na kusi.

Wakati maji yanapanda, wanawake waliokuwa huko mbali walianza kurudi na ndoo zao kichwani. Mmoja wao, mama wa rika langu, alisimama mbele yetu, akatua ndoo.

"Mwalimu, na wewe umo? Mnahesabu ndege wa nani?"

Nikamjibu kwa mzaha, "Wa Mungu, mama."

"Kama ni wa Mungu, Mungu anaijua idadi yao." Akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia. "Walikuja watu wakahesabu samaki. Walipomaliza kuhesabu zikaja sheria za nyavu. Sasa mnahesabu ndege. Kesho tutaambiwa nini, tusikanyage mchanga?" Akajitwika ndoo yake, akaenda zake.

Vijana walicheka. Mimi sikucheka. Usiku ule niliendelea kuliwaza swali lake, kwa maana halikuwa swali la kipuuzi. Tangu zamani viumbe wa pwani hii wamehesabiwa mara nyingi, na karibu kila mara aliyehesabu aliondoka na daftari lake.

Tuanze na mwaka 1861. Mwezi Machi mwaka huo meli iitwayo Pioneer iliingia katika mdomo wa Mto Ruvuma ikiwa na David Livingstone na mwenzake John Kirk, daktari aliyekuwa bingwa wa mimea. Walirudi tena mwaka uliofuata wakapanda mto kwa mashua. Shida yao kubwa ilikuwa kutafuta njia ya maji ya kwenda bara, lakini Kirk hakuacha kukusanya mimea, kuikausha na kuipeleka kwenye bustani ya Kew huko Uingereza. Mwaka 1866 Livingstone alitua Mikindani, hapa jirani yetu, akaanza safari ambayo hakurudi nayo hai. Hata leo mtu anayetaka kujua mimea waliyoiona wageni wale katika Ruvuma ni lazima aulize London.

Mfano mkubwa zaidi uko Tendaguru, katika mkoa wa jirani wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa mno walioishi zamani za zamani. Wachimbaji waliokuwa kazini walikuwa mamia ya watu wa kusini hii, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kutambua mfupa ndani ya udongo lilisifiwa na mabwana wenyewe. Mizigo zaidi ya tani 200 ilibebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Mjusi mmoja kati ya hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la mji ule, kichwa chake kikiwa juu zaidi ya mita 13. Jina la Boheti lilisubiri karibu miaka mia moja. Mwaka 2007 ndipo mtaalamu mmoja alipompa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la kisayansi lenye neno "bohetii", kwa heshima yake. Ninafurahi kwamba alikumbukwa. Lakini nawauliza walimu wenzangu: ni wanafunzi wangapi wa Mtwara na Lindi wanaomjua?

Mji wetu wenyewe ni mtoto wa hesabu nyingine. Kabla ya Vita Kuu ya Pili mji uliojulikana upande huu ulikuwa Mikindani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa karanga. Kusini walikusudia kulima Nachingwea, na Mtwara ikachaguliwa iwe bandari ya kupeleka mazao nje. Barabara pana zilipimwa, reli ikajengwa, gati la maji marefu likakamilika mwaka 1954, na Shangani penye upepo mwanana pakawa makazi ya wakubwa. Karanga zilikataa kuota kwa kadiri iliyotarajiwa. Mwaka 1951 mpango ulifutwa ukiwa umekula pauni zipatazo milioni 36, na reli ikafungwa mwaka 1962. Hesabu za pauni, matrekta na ekari zimehifadhiwa vizuri mpaka leo. Lakini kina mikoko kiasi gani iliyokatwa ili mji upate nafasi? Ni ndege gani waliokuwa wakilala mahali palipokuja kuwa mitaa? Hakuna aliyefungua daftari la mambo hayo, kwa hiyo tunazaliwa tukidhani kwamba pwani ilikuwa hivi tuionavyo tangu kuumbwa kwake.

Mikoko, kwa haki ya kusema, iliwahi kuandikwa. Serikali ya kikoloni iliifanya kuwa msitu wa hifadhi katika miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu boriti na magome yake yalikuwa biashara. Baada ya uhuru, ni Mtanzania, Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeongoza kuandaa mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania bara uliotolewa mwaka 1991. Tangu pwani ya Tanga hadi Mtwara jamii kama kumi za miti hiyo ziliorodheshwa. Bibi yangu asingehitaji orodha. Yeye alijua kwamba mkoko wenyewe una mizizi ya kujiegemeza kama miguu ya buibui, kwamba mchu hutoa pumzi kwa vijiti vinavyochomoza tope, kwamba mkandaa hufaa kwa fito na mkomafi huzaa tunda kubwa la mviringo. Tofauti ni kwamba bibi alipofariki alizikwa pamoja na orodha yake. Ya profesa imebaki.

Sasa nifike mahali panaponiuma, maana insha ya mtu kujifikiria haina faida kama inawapima wengine tu.

Nilikuwa na mjomba mvuvi. Katika miaka ya 1970 alijifunza uvuvi wa baruti, ambao ulikuwa umekwisha kuenea katika pwani yetu tangu miaka ya 1960, na ambao Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilikuwa imeukataza. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi na ya haraka. Chupa inatupwa, bahari inanguruma, samaki wanaelea. Msomaji asiyejua pwani aelewe kwamba wale wanaoelea ni baadhi tu. Mshindo hupasua kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, na wengi huzama wakaoza chini, pamoja na vichanga ambavyo havijafikia hata kidole. Tumbawe lililosagwa huwa kifusi, na kifusi hicho huweza kukaa miongo ya miaka bila kuota tena. Siku moja utambi uliwahi kabla ya mjomba kuachia chupa, akarudi nyumbani bila mkono wa kulia. Nilikuwa kijana mwenye akili timamu. Nililia kwa ajili ya mkono wake. Kwa ajili ya bahari sikulia, na samaki aliokuwa akituletea kabla ya siku ile nilikuwa nimewala bila kuuliza.

Baadaye, nikiwa mwalimu, milipuko ilisikika mpaka darasani. Watoto walikuwa wakiinua vichwa, wakatazamana, kisha wakarudi kwenye madaftari. Mimi nami niliendelea kufundisha kujumlisha. Miaka mingi nilisikia sauti ile, wala sikuwahi kuchora hata kijistari kimoja pembeni mwa andalio la somo.

Wako waliochora. Mwaka 1996, katika Ghuba ya Mnazi, kusini mashariki ya mji wetu, milipuko ilihesabiwa kwa muda wa miezi miwili, ikafika 441. Niliposoma takwimu ile miaka kadhaa baadaye nilishika kichwa. Ilikuwa ni wastani wa milipuko saba kwa siku! Jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua kwa masikio, na ambalo viongozi waliweza kulikana kwa maneno, sasa lilikuwa na namba, na namba ni ngumu kuikana. Siku zile mradi wa maendeleo ya Lindi na Mtwara uliofadhiliwa na Finland, uliojulikana kwa kifupi RIPS, ulikuwa ukiwakutanisha wanavijiji wa pwani wazungumze matatizo yao wenyewe, na baruti ndiyo iliyotajwa mbele. Vijiji vikaungana katika chombo walichokiita Shirikisho. Wavuvi wa nyavu na mishipi, watu waliokuwa wakiogopa hata kumtaja jirani yao, walisimama mbele ya wakubwa wakasema. Mwishoni mwa miaka ile Jeshi la Wanamaji liliingia kazini, na bahari ya kusini ikanyamaza kwa kipindi.

Nimesema kwa kipindi, kwa kuwa sitaki kumdanganya msomaji kwamba hesabu ni dawa. Katika miaka ya 2000 baruti ilirudi. Mwaka 2015 wataalamu walipita katika pwani ya Tanzania wakiburuta chombo cha kunasa sauti chini ya maji, nacho kikanasa milipuko 318, mingi zaidi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Baada ya hapo serikali ilikaza kamba na milipuko ikapungua sana. Daftari halimkamati mhalifu. Linachoweza kufanya ni kumnyima kila mtu nafasi ya kusema sikujua.

Katika mwaka 1997 na 1998 walikuja wahesabuji wa namna nyingine, vijana wa Kiingereza wa shirika la Frontier, lililofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hawa nao walikuwa wa kujitolea, tena waliojigharimia safari zao. Walizamia katika matumbawe ya wilaya ya Mtwara wakiandika samaki na viumbe wengine, na juu ya maji waliandika jinsi watu wanavyovua. Kazi hiyo ilisaidia kuanzishwa, mwaka 2000, kwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, nchi kavu na vijiji vikiwamo. Ndani yake zimetambuliwa aina zaidi ya 250 za matumbawe na zaidi ya 400 za samaki. Ni utajiri unaojulikana duniani kote.

Hapa ndipo ninapolielewa swali la yule mama. Hifadhi yoyote huja na masharti, na masharti huanza kumbana mtu mwenye chombo kidogo kabla ya mwenye chombo kikubwa. Wako wavuvi waliouona uhifadhi kama ulinzi wa riziki yao, na wako waliouona kama kunyang'anywa. Mtu aliyezamia majini na kuondoka na karatasi, kisha baada ya miaka miwili ikaja sheria, machoni pa mwanakijiji mambo hayo mawili ni jambo moja. Hata kama sheria ni nzuri, yeye hakushirikishwa katika kuhesabu, basi hajui ile namba ilitoka wapi, wala hana namna ya kuibishia.

Swali la "ni mali ya nani" si geni Mtwara. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na ilipoanza kuzungumzwa habari ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu waliuliza swali hilohilo kwa sauti kubwa, na mwezi Mei 2013 mji ukaingia katika ghasia ambazo hatupendi kuzikumbuka. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Mji umekua. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu 108,299 katika Manispaa, na sensa ya 2022 imetukuta zaidi ya 140,000. Watu hao wanataka viwanja, na viwanja vinavyotazama bahari ndivyo vinavyogombewa. Shangani na fukwe za mjini zimebaki nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari. Hilo si kosa la mtu, maana hifadhi haiwezi kumeza mji mzima. Lakini maana yake ni kwamba tope letu, mikoko yetu na ndege wetu hawana mlinzi mwenye sare. Wakitoweka, watatoweka bila habari.

Ndiyo sababu nimeanza kuwaheshimu watu wa kujitolea kama wale vijana. Hawako peke yao. Mwezi Januari 1995 ilifanyika kwa mara ya kwanza hesabu ya pamoja ya ndege wa majini katika ardhioevu kubwa za Tanzania, ikiwa sehemu ya hesabu inayofanywa duniani kila Januari tangu mwaka 1967. Nairobi, wanachama wa chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909 wamehesabu ndege wa maziwa ya Bonde la Ufa mwaka hata mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na karibu zaidi nasi, shirika la Sea Sense, lililoanzia Mafia mwaka 2001, limewafunza watu wa vijiji vya pwani kuhesabu viota vya kasa. Mtu huamka alfajiri kabla jua halijafuta nyayo, akafuata alama zinazofanana na za tairi la trekta kutoka majini mpaka juu ya ufuko. Kiota huwa na mayai mia moja hivi. Yakiwa mahali ambapo maji yatayafikia, huyahamisha. Baada ya takriban miezi miwili vitoto hutoka, naye hurudi kuhesabu maganda. Wengi katika watu hao ni wavuvi, na wako waliokuwa wakila kasa hapo zamani. Katika daftari la namna hiyo anayehesabu na anayehesabiwa mali yake ni mtu mmoja.

Jambo la mwisho la kukumbuka ni kwamba hesabu ya siku moja haina maneno mengi. Ukiambiwa kwamba mwaka huu sululu ni wachache, huenda upepo tu uliwapeleka upande mwingine, au mhesabuji alikuwa na usingizi. Hesabu huanza kusema ikiwa na umri. Miaka mitano hunong'ona, miaka ishirini huongea. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii kibaba chenyewe hakijai katika maisha ya mtu mmoja. Mimi nimeanza nikiwa mzee, kwa hiyo ninaandika kurasa ambazo zitasomwa vizuri na watoto wa wanafunzi wangu.

Nirudi Shangani nimalize. Siku iliyofuata niliondoka nyumbani mapema, nikamkuta yule mama akijiandaa kushuka na ndoo yake. Tulisalimiana, nikamwambia kwamba jana nilimjibu vibaya. Nikamwonyesha daftari. Alilishika kwa uangalifu, vidole vikiwa na makovu ya chaza, akataka nimsomee. Nikamsomea aina moja baada ya nyingine. Nilipofika kwa yule ndege mweupe na mweusi, alinikatiza.

"Hao ni wachache mno. Mmehesabu wa upande huu tu. Maji yakijaa sana wengi huvuka, wakalala kule nyuma ya mikoko, kwenye kichanga kisichofunikwa. Nyie mnakaa kivulini, mtawaonaje?"

Nikawaita vijana. Tulikwenda alikotuelekeza, tukipita kwenye tope lililofika magotini, na darubini ilipoinuliwa kila mtu alinyamaza. Walikuwapo, wamesimama kwa safu, wote wameelekea upepo, wengi kuliko tuliokuwa tumewaandika siku iliyotangulia. Kijana akaanza kutamka, nami nikaandika.

Jioni nilinakili kurasa zile mara mbili. Nakala moja vijana waliipeleka wanakopeleka hesabu zao, na nakala nyingine imo katika kabati la shule iliyo karibu na ufuko, ambapo mtu yeyote anaweza kuiomba. Kabla ya kufunga daftari nilichora safu mpya upande wa kulia wa ukurasa, nikaipa kichwa: "Aliyetuonyesha". Hapo chini nikaliandika jina la yule mama kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Alipokuja kuliona aliniambia nimekosea herufi moja, nikafuta, nikaandika upya.